Tito Anselm Libenanga na Uzi wa Kijani wa Insimbi

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Umbilo, makomredi wa Chama mliokaa safu ile ya kulia, na ninyi mliochagua kusimama kule nyuma karibu na geti: poleni na safari, na asanteni kwa kufika. Wapo waliokuja leo kumzika Tito, na wapo waliokuja kuhakikisha amekufa. Wote karibuni, chai ipo. Anayesoma ni Irene, mdogo wake marehemu, na wanaomjua Irene wanajua kwamba akishapewa karatasi ni vizuri mtu akae sawasawa kitini. Wifi yake Blandina, mke wa marehemu, aliyasikia maneno haya yote jana mezani na kuyakubali, isipokuwa mawili matatu makali ambayo Irene ameahidi kuyaruka. Tutaona.

Tito Anselm Libenanga alizaliwa Ifakara, katika bonde la Kilombero, tarehe 6 Februari 1953, mtoto wa tatu wa Mzee Anselm Libenanga na Mama Sabina. Padri alifungua kalenda ya watakatifu, akakuta siku hiyo ni ya Mtakatifu Tito, basi jina likapatikana bila mjadala. Mama Sabina alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa. Aliwatazama tu wanawake waliokuwamo chumbani, mmoja baada ya mwingine, halafu akalala. Miaka ya baadaye mambo yalipoharibika, wapo walioligeuza hata hilo wakasema, si mnaona, tangu tumboni alikuwa mchunguzi wa watu. Binadamu akiamua kukushuku hakuachii kitu, hata mahali kilipozikwa kitovu chako atapafukua.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ifakara, kuanzia mwaka 1961 hadi 1967. Nafasi za sekondari zilikuwa za kugombania, hakupata, na hakuona haya kusema hivyo. Masista walimchukua jikoni kwao. Akajifunza kuoka mikate, kupanga meza, na kubeba sinia la vikombe vilivyojaa pomoni bila kutikisa hata kimoja. Irene, akiwa bado mdogo, alijipa kazi ya kumrukia kutoka nyuma ya mlango ili kumpima. Hakumwaga kitu. Alimwaga uji mara moja tu, na mara hiyo Irene alitumia jogoo. Tito hakumchongea. Alimwambia Mama Sabina ameteleza, akala kofi moja, yakaisha. Huyo ndiye mtu mliyeambiwa kwamba aliuza watu.

Mwaka 1976 aliajiriwa kwenye reli mpya ya kwenda Zambia kama mhudumu wa behewa la chakula. Alivaa koti jeupe, akamimina chai treni ikipiga kona za Mlimba, na abiria wa daraja la kwanza walikuwa wakiwekeana dau kama itamwagika. Kwenye treni hiyo hiyo alikuwapo kijana wa Kikurya kutoka Tarime, Mwita, mhudumu wa mabehewa ya kulala. Wakawa chanda na pete. Walikula sahani moja na kulala kitanda kimoja kwa zamu, mmoja akiamka mwenzake anaingia. Mwita ndiye aliyemwingiza Tito kwenye gazeti, mwaka 1979. Mwita yupo hapa leo, ameshika jeneza upande wa miguu. Mtazameni, lakini msimkodolee macho, mke wa marehemu hataki.

Sasa huwezi kumweleza Tito bila kulieleza gazeti, maana maisha yake yalishonwa nalo, na nalo lina kuzaliwa kwake na ugonjwa wake. Insimbi, kwa Kizulu chuma, lilizaliwa hapa hapa Durban mwaka 1949, kwenye chumba cha nyuma cha duka la viatu, Umbilo Road. Wazazi wake walikuwa chama cha wakomunisti, si kile kikubwa mnachokijua, bali hiki kidogo kilichojitenga mapema, na ambacho kimeendelea kujitenga chenyewe kwa chenyewe mpaka leo. Wafanyakazi wa viwandani walilipiga taipu usiku, mchana wakalisoma kwa sauti saa ya kula, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Makaburu wakalipiga marufuku. Mashine ikabebwa, watu wakafungwa, waliobaki wakavuka mipaka. Miaka mingi Insimbi lilikuwa jina tu la kunong'onezana.

Lilifufuka Morogoro mwaka 1974, ndani ya kiwanda kidogo kilichochapa vitabu vya dini. Kama mkuu wa kiwanda alijua au alijifanya hajui, familia inabishana mpaka leo. Gazeti lenyewe halikufanana na gazeti. Lilikuwa kijitabu cha karatasi nyembamba, na jalada lake lilisema ni nyimbo za kanisani. Ukurasa wa kwanza mpaka wa nane mlikuwa kweli na nyimbo za Bikira Maria. Ukurasa wa tisa mgomo wa bandarini ulianza. Vijitabu hivyo vilishonwa kwa sindano, na aliyeshona alikuwa binti wa Kiluguru kutoka Mgeta, Blandina Mkude, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mzito. Migongo ilipakwa gundi ya unga wa muhogo, na mafundi wa pale waliitia manjano yale yale ya mchuzi, ili mende wasiitafune. Ikumbukeni gundi hiyo.

Insimbi lilikuwa gazeti la watu wanaoshukiana. Haikuwa roho mbaya, ilikuwa kazi. Makaburu walikuwa na watu wao kila mahali, Lusaka, Dar es Salaam, hata makanisani. Kwa hiyo mhariri akabuni njia yake. Wabebaji waliolipeleka kusini kwa treni na malori, Tito na Mwita wakiwamo, walikuwa watano, na kila mmoja fungu lake lilishonwa kwa uzi wa rangi yake: mwekundu, mweusi, mweupe, wa bluu na wa kijani. Wabebaji wenyewe hawakujua. Waliojua ni wawili tu, mhariri na mshonaji. Huko mbele mafungu yalichanganywa makusudi, asijue mtu lake limeishia kwa nani. Basi fungu likikamatwa, uzi ungesema limetoka kwenye mikono ipi, na mwenye mikono hiyo ndiye aliyewaonyesha polisi fungu la kufuata. Hiyo ndiyo hekima waliyoiamini. Wasomi watupu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama uzi nao unaweza kusema uongo.

Agosti 1985 polisi walivunja mlango wa mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili hapa Durban, mtaa wa Sydenham, Mama Estella. Walikuta fungu la vitabu vya nyimbo chini ya kinanda chake. Vitabu vikakaa stoo ya polisi hadi Februari mwaka uliofuata, kesi ilipoanza. Siku hiyo wakili wa Chama alivishika kwa mkono wake mahakamani, akavifungua katikati, akatazama rangi ya uzi kama alivyoagizwa na mhariri. Mama Estella alihukumiwa miaka saba. Ujumbe wa wakili ulifika Morogoro ukiwa na neno moja tu: kijani.

Walimwita Tito stoo ya karatasi, Machi 1986. Mhariri alianza na methali, kama wanavyoanza watu ambao wameshaamua. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. Tito hakuelewa. Akaelezwa habari ya rangi.

"Kijani ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe."

"Nani anashona?"

Blandina alisimama kule kwenye marobota. "Mimi."

"Una hakika, dada?"

"Nina hakika. Kijani nilikufungia wewe, na sijawahi kukosea."

Tito alimtazama, akasema: "Sikumuuza huyo mama. Simjui hata kwa sura." Akawageukia wenzake wanne wa treni na wa malori, akamgeukia Mwita. Mwita alikuwapo. Mwita hakufungua mdomo. Hilo ni moja ya yale maneno aliyoahidi Irene kuyaruka, basi hesabuni ameliruka.

Hakupigwa wala hakufungwa, hilo tuseme kwa haki. Walimwambia tu asikanyage tena. Lakini neno lilipanda treni pamoja naye. Kila komredi aliyesafiri na reli ile alijua, na akipita na birika, mtu anaweka kiganja juu ya kikombe. "Asante, nimetosheka." Jamani, mtu hajanywa tangu Dar es Salaam, ametosheka na nini? Walidhani atawatilia sumu. Tito alirudi behewani kwake na birika limejaa, na kwa kaka yetu huyu, aliyebeba chai kama wengine wanavyobeba mtoto, hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko jela.

Tarehe 24 Septemba 1988, Morogoro, Tito Libenanga alifunga ndoa na Blandina Mkude. Ndiyo, yule yule. Makomredi walisema Tito amemnunua shahidi. Upande wetu Irene alisema wazi jikoni, mbele ya mashangazi, huku akimenya vitunguu: "Huyu ametumwa kumchunguza."

Blandina alikuwa mlangoni, alisikia. "Sijatumwa, wifi," alisema. "Nimekuja mwenyewe. Nataka kujua kama nilishona kweli au nilishona uongo. Nilianza kumfuata nikitaka kumkamata, sasa tazama nilivyovaa."

Alikuwa na shela kichwani. Mashangazi walicheka mpaka wakakalia masufuria.

Lakini msidhani shaka ilibaki nje ya kanisa. Iliingia nao nyumbani, ikalala katikati. Blandina alimpenda mumewe na hakumwamini, yote mawili kwa wakati mmoja, na wanawake waliomo humu wanajua inawezekana. Tito akilala, alipekua mifuko yake. Tito aligundua mapema. Hakugomba. Alichofanya ni kwamba kila jioni akifika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, aligeuza mifuko ya suruali nje mwenyewe, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi, ndipo akasema, "Hodi, mama Billy." Watoto wao, Billy, aliyezaliwa 1989, na Beverly, aliyezaliwa 1993, walikua wakiamini kila baba hufanya hivyo. Beverly alishtuka siku aliyopeleka mchumba nyumbani, kijana akakaa na mifuko yake ndani. Akamnong'oneza mama yake, "Huyu anaficha nini?"

Mwaka 1997 Tito aliacha reli akaja Durban. Watu waliuliza, mtu anayeshukiwa anakwendaje kukaa mji ule ule wa jambo lenyewe? Wengine wakasema amekuja kuchukua malipo yake. Alikuja kumtafuta Mama Estella. Mama alikuwa ametoka gerezani mwaka 1990, yuko Sydenham nyumba ile ile. Tito alikwenda Jumapili moja baada ya misa, yeye na Blandina. Mama Estella alifungua mlango wa mbao, lile geti la chuma hakulifungua.

"Mama, mimi ndiye Tito wa uzi wa kijani," alisema kwa Kiingereza chake cha behewani. "Sikukuuza."

Mama alimtazama kupitia nondo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Mwanangu," alisema, "kila aliyepita hapa kwenye geti ameniambia maneno hayo hayo." Akafunga.

Mama Estella alifariki Agosti 1999. Tito alisimama ng'ambo ya barabara wakati wa mazishi, kofia mkononi, kwa kuwa Chama kilikuwa kimetuma neno kwamba asisogee. Mama yule alikwenda kaburini akijua jina la aliyemuuza, na jina lenyewe lilikuwa la kaka yetu.

Tito alipata kazi jikoni mwa kiwanda kimoja Pinetown, akaamka alfajiri kupanda taxi kwa miaka sita. Mwaka 2003 alifungua mgahawa wake Umbilo Road, chapati, maharage, pilau ya Ijumaa. Irene alimfuata mwaka 2005 kusaidia, na ndiye aliyetia chumvi kwenye maharage yale, msidanganyike. Wakongo walikuja, wanafunzi wa Kenya walikuja, Watanzania walikuja kulalamika kwamba chapati ni ndogo. Na wote mnakumbuka tabia yake. Kila birika aliloleta mezani, alijimiminia kidogo kwanza, akanywa mbele ya wateja, ndipo akawamiminia wao. Mwanafunzi mmoja Mkenya, Cherono, alimuuliza, "Mzee, hiyo ni mila ya Tanzania?"

"Ni mila ya Insimbi," Tito alisema.

Cherono hakuelewa. Akadhani ni kabila.

Gazeti nalo lilikuwa limerudi nyumbani kabla yake, mwaka 1991, halali kabisa, limevaa picha ya rangi. Liliuzwa kwenye robot, hizi taa za barabarani, na kwenye rank, vituo vya taxi. Mwita alikuja nalo. Alipanda ndani ya Chama, akaingia bodi ya gazeti, na ana malori yake Pinetown. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga mgahawani, ingawa harufu ya pilau ilimfikia, maana malori yake yalipita mlangoni. Tito alinunua kila toleo. Alilisoma amesimama, ukurasa kwa ukurasa, halafu akatazama katikati palipobanwa na pini za chuma, akatikisa kichwa. Wanunuzi walipungua. Toleo la mwisho la karatasi lilitoka 2014. Siku hizi Insimbi linakuja kwenye WhatsApp, linasomwa na wale wanaoliandika, na hakuna wa kulishona.

Aprili 2022 ikaja ile mvua. Mnaijua, wengine mlipoteza nyumba. Flati yao ilikuwa chini kabisa, maji yakaingia sebuleni na chumbani. Chini ya kitanda palikuwa na boksi ambalo Blandina alilibeba kutoka Morogoro, lenye vijitabu vitano vya Insimbi, kimoja kwa kila mbebaji, ukumbusho wa ujana wake. Alikuwa hajalifungua kwa miaka. Maji yalipopungua, jirani yao Élisabeth, Mkongo wa ghorofa ya pili, alishuka kumsaidia. Walivifungua vijitabu katikati na kuvianika kwenye kamba ya barazani.

Élisabeth alikuwa akivipanga. "Mama Blandina, hii nyuzi ilikuwa rangi gani na gani?"

"Nyekundu, nyeusi, nyeupe, bluu, kijani," Blandina alijibu bila kugeuka, akikamua zulia.

"Eish! Bluu iko wapi? Mimi naona kijani mbili. Na nyeupe hakuna, iko manjano."

Blandina aligeuka. Akaliacha zulia. Alikishika kijitabu cha nne, akanusa mgongo wake, akapitisha kidole kwenye mshono. Gundi ya muhogo ilikuwa imelowa, manjano yameshuka kwenye uzi. Uzi mweupe umekuwa wa manjano. Uzi wa bluu umekuwa kijani, kijani kabisa, huwezi kuutofautisha na ule mwingine. Morogoro vitabu vilikauka na kusafiri vikiwa vikavu. Lakini vile vya Mama Estella vilikaa stoo ya polisi hapa Durban msimu mzima wa mvua kabla wakili hajavifungua. Nani hajui unyevu wa mji huu, ambapo hata viatu vinaota ukungu kabatini?

Aliingia ndani na vijitabu viwili. Tito alikuwa kwenye kiti, miguu majini, mifuko nje kama kawaida. Irene alikuwapo, akichota maji kwa sufuria. Blandina alimweleza kila kitu kwa pumzi moja. Tito aliviweka vijitabu mapajani, akafuatisha mishono kwa kidole.

"Kwa hiyo sasa unaamini," alisema.

"Ninaamini, baba Billy."

"Umeuamini uzi, au umeniamini mimi?"

Blandina alipiga magoti kwenye yale maji machafu, akamrudishia mifuko ndani, wa kulia, halafu wa kushoto, huku analia kwa sauti. Tito alimwachia. Akaweka mkono kichwani pake. Irene alitoka na sufuria lake, maana kuna mambo hata Irene hayachungulii.

Lakini baada ya hapo Irene alirudi na jipya. Kama kijani kile kilikuwa bluu, na bluu, kwa kauli ya Blandina mwenyewe, ilikuwa ya Mwita, basi si tumempata? Alitaka kupanda taxi ya Pinetown saa ile ile, akapige kelele getini kwa Mwita mpaka Mkurya atoke. Tito alimzuia. "Ule uzi unaweza kuwa bluu, unaweza kuwa kijani," alisema. "Umeshadanganya mara moja, Irene. Msiupe kazi tena." Halafu akamwita Mwita mwenyewe kwa simu.

Mwita alikuja. Alikaa karibu na mlango, akaoneshwa vijitabu, na uso wake ukawa wa majivu. "Kwa hiyo sasa ni mimi?" aliuliza. "Mmeniita mnihukumu?"

Tito alisimama kwa taabu, akaleta birika. Alimmiminia Mwita kikombe. Safari hii hakujimiminia yeye kwanza. Alikisukuma tu mezani, akakaa, akasubiri. Mwita alikitazama kile kikombe. Chai iliacha kutoa moshi. Mwishowe alikichukua kwa mikono miwili akanywa chote, akasema, "Nilinyamaza siku ile kwa sababu niliogopa wataniuliza mimi." Tito alisema anajua. Wakala chapati. Kama Mwita alisema yote siku hiyo, Mungu ndiye ajuaye. Tito aliridhika. Irene alikuwa akimchungulia kupitia dirisha la jikoni, na mpaka leo anamchungulia.

Kilichobaki ni Chama. Tito hakutaka fidia wala sherehe. Alitaka Insimbi, lile lililomfukuza, liandike mstari mmoja: ule uzi haukuwa ushahidi. Blandina alipeleka vijitabu viwili ofisini kwa Komredi Innocent, kijana mpole, msimamizi wa gazeti siku hizi. Alivipiga picha kwa simu. "Sharp, mama," alisema, yaani sawa. "Kamati itakaa." Hiyo ilikuwa Mei 2022. Kamati haijakaa. Kila tukiuliza, tunaambiwa mambo ya zamani yanagawanya watu. Inaonekana mtu mmoja kubeba lawama peke yake hakugawanyi mtu.

Mwaka 2023 figo zake zilishindwa. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, akaenda na kurudi bila kulalamika, akiwafundisha wauguzi kubeba sinia. Kila mwezi Insimbi lilipoingia kwenye simu, Beverly alimpitishia kurasa zote kwa kidole, naye akisema, "Endelea, labda mwishoni." Jumanne tarehe 10 Juni 2025, asubuhi, alimuuliza mkewe kama la Juni limetoka. Blandina alisema bado. Lilikuwa limetoka jana yake, na halikuwa na kitu. Tito alisema, "Basi tusubiri," akafumba macho, na akafariki kabla chai haijachemka.

Komredi Innocent amekuja na bendera ya Chama, ameipakata pale magotini. Tunashukuru. Blandina anasema ibaki hapo hapo ilipo. Siku kamati itakapokaa, ailete, tutaitandika juu ya kaburi sisi wenyewe.

Marehemu ameacha mke, Blandina, watoto wawili, Billy na Beverly, mkwe mmoja, ambaye sasa naye hugeuza mifuko kwa heshima tu, mjukuu mmoja, mdogo wake Irene, ndugu wengi wa Ifakara, Élisabeth, aliyeona kijani mbili, na wateja wote wa Umbilo Road.

Sasa tazameni hicho kijitabu cha mazishi mlichoshika mikononi. Kwa siku kumi zilizopita Blandina amekishona mwenyewe, kimoja kimoja, na mgongoni amepaka gundi ya muhogo yenye manjano. Kifungueni katikati. Uzi ni wa bluu. Kila mmoja amwoneshe jirani yake, mkubaliane sasa hivi, mbele ya jeneza, kwamba ni wa bluu. Hii ni Juni, hakuna mvua. Nendeni nacho nyumbani, kiwekeni karibu na dirisha la bafu, na msituamini sisi hata kidogo, maana kuamini hamjazoea. Subirini mvua za Oktoba, halafu mkifungue tena. Nakala ya kamati imetiwa gundi zaidi.

Na wewe, kaka, pumzika kwa amani. Mifuko yako imo ndani, Blandina ameiangalia mara ya mwisho leo asubuhi, si kwa kutafuta kitu.